Koliflawa ya kusindikiza mlo: oveni, kikaango, kuponda, jibini au siki?

Koliflawa mbichi ni maji kwa karibu asilimia 92. Ukilishika hilo, lawama nyingi inazobebeshwa mboga hii zinaeleweka: kwamba ni chapwa, kwamba inavuja maji sahanini, kwamba ikipikwa nyumba nzima inanuka. Kila namna ya kuipika ni uamuzi juu ya maji hayo. Kuna njia zinazoyafukuza, kuna zinazoyatuliza kwa siagi na jibini, na kuna moja inayoyaacha yalipo na kuyatia ukali wa siki. Kwa hiyo mtu akiniuliza aipike vipi, mimi humuuliza kwanza: italiwa na nini?

Mboga ya pembeni hailiwi peke yake. Chakula kikuu chenye mchuzi mwingi kinataka jirani mkavu, wa kutafunwa. Nyama au samaki aliyekaushwa na moto anataka kitu laini cha kumlainisha. Mlo wenye mafuta mengi unataka uchachu wa kuyakata. Hapa nimeweka pamoja njia tano zinazotokana na kichwa kilekile kimoja: kuoka kwa moto mkali, kukaanga na viungo, kuponda, kuoka na sosi ya jibini, na kula mbichi au kwenye siki.

Nimezipima kwa mambo gani

La kwanza ni ladha: inatoka wapi, na inahitaji kusaidiwa kiasi gani ili ikolee. La pili ni kazi, maana yake muda, vyombo, na kama unaweza kuipa kisogo ukashughulikia mengine. La tatu husahaulika, nalo ndilo huwaangusha wapishi wengi siku ya wageni: mboga ikikaa nusu saa ikisubiri watu wakae mezani, inabaki na nini? La mwisho ni mlo na mlaji inayemfaa.

Lishe sijaipa kipimo chake. Koliflawa mbichi ina kalori 25 hivi kwa gramu 100, na vitamini C miligramu 48 hivi. Vitamini hiyo huyeyuka majini, kwa hiyo ukiichemsha na kumwaga maji, sehemu yake inakwenda nayo. Zaidi ya hapo, kinachotofautisha njia moja na nyingine kiafya ni kile unachoongeza wewe: siagi, krimu, mafuta, chumvi.

Kabla ya kuchagua njia

Chukua kichwa kizito kuliko kinavyoonekana, vishada vyake vikiwa vimebanana, na majani ya chini yakiwa mabichi na magumu. Majani yakishalegea, kichwa nacho kimechoka hata kama bado ni cheupe. Madoa machache ya kahawia unayakwangua kwa kisu. Utelezi na harufu kali ni dalili ya kukiacha. Usikioshe mpaka siku ya kupika, kwa kuwa unyevu ndio unaoleta madoa.

Siku ya kupika, kikate kwa kufuata mashina: geuza kichwa chini juu, zungusha ncha ya kisu kwenye shina kuu, vishada vitaachia vyenyewe. Ukipasua kutoka juu unapata makombo mengi. Shina lenyewe usilitupe. Limenye ganda la nje, ulikate vipande vyembamba, liive pamoja na vingine. Majani madogo ya ndani huokwa vizuri sana na ningependa yazoeleke zaidi. Ukiwa na wasiwasi wa wadudu, loweka vishada kwenye maji ya chumvi kwa dakika kumi, kisha uvikaushe kwa kitambaa. Neno hilo la kukausha ulikumbuke, litarudi.

Kuhusu harufu: koliflawa, kabichi, brokoli na sukumawiki ni spishi moja ya mmea, *Brassica oleracea*, na zote zimebeba viambata vya salfa. Kadiri zinavyochemka ndivyo viambata hivyo vinavyovunjika na kutoa ile harufu ya yai bovu. Dawa yake ni kuchemsha kwa muda mfupi, au kutochemsha kabisa.

1. Kuoka kwenye oveni kwa moto mkali

*Ladha.* Hii ndiyo njia inayoonyesha koliflawa yenyewe ina ladha gani. Rangi ya kahawia, na ule utamu wa karibu na njugu unaoandamana nayo, hutokea kwa kasi sehemu ya juu ya chakula ikifika nyuzi 140 za Selsiasi hivi. Maji hayavuki nyuzi 100. Maana yake, kishada chenye unyevu juu yake hakiwezi kupata rangi mpaka unyevu huo uishe. Kabla ya hapo kitakuwa kinapikwa kwa mvuke tu. Ndiyo sababu ya kukausha, na ndiyo sababu ya kutorundika. Viungo vichache vinatosha: chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba nzima. Ukishatoa, kamulia limau au umwagie ufuta uliosagwa uliolainishwa kwa maji na limau.

*Kazi.* Kichwa cha wastani kinataka vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na dakika 25 hadi 30 kwenye nyuzi 220. Pasua kila kishada katikati ili kipate upande bapa, na upande huo ndio ulale kwenye trei. Trei ikiwa imeshapata moto kabla, utasikia mlio wa kuchacharika mara tu unapovimwaga, na hapo ujue umeanza vizuri. Acha nafasi kati ya vipande. Vikibanana, gawa trei mbili. Vigeuze mara moja tu, baada ya dakika 15 hivi. Ukigeuza mapema, upande bapa unang'ang'ania trei. Ukisubiri rangi iive, unaachia wenyewe. Vitunguu saumu vilivyopondwa vitie dakika tano za mwisho, la sivyo vinaungua na kuwa vichungu kabla koliflawa haijaiva.

*Ikisubiri.* Hapa ndipo inapoumia. Ikitoka ni kavu kingoni na laini ndani, lakini ikifunikwa mvuke wake wenyewe unailegeza. Iache wazi kwenye trei, na ikibidi irudishe ovenini dakika tano kabla ya kupakua. Ikipoa kabisa bado ni nzuri kwenye saladi, ila ile hali ya kukauka kingoni haipo tena.

*Inamfaa nani.* Mwenye oveni na mlo wa mchuzi. Pia asiyeipenda koliflawa kwa sababu aliizoea ya kuchemshwa. Ila kama oveni imeshachukuliwa na nyama inayopikwa kwa moto wa chini, usilazimishe. Kwa nyuzi 160 utapata vishada vilivyosinyaa bila rangi.

2. Kukaanga na viungo kwenye kikaango

*Ladha.* Hapa koliflawa inabeba ladha za wengine, na inazibeba vizuri, kwa kuwa vishada vyake vina matundu madogo mengi ya kushikilia mafuta na viungo. Siri iko kwenye mpangilio. Harufu ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo vikaange kwanza: mbegu za haradali mpaka zianze kuruka, bizari nyembamba kwa sekunde chache, kitunguu mpaka kianze kuwa cha kahawia, halafu tangawizi na vitunguu saumu. Manjano na giligilani ya unga vifuate mwisho, nusu dakika tu, maana vya unga huungua haraka na manjano yaliyoungua ni machungu kiasi cha kuharibu chungu kizima. Ukitia viungo baada ya koliflawa na maji, rangi utaipata, harufu haitafunguka.

*Kazi.* Dakika 20 kwa jumla, na lazima uwepo. Vishada vikishachanganyika na viungo, nyunyiza vijiko vitatu vya maji, funika dakika tano au sita kwa moto mdogo. Kisha funua, ongeza moto, na usikilize. Mwanzoni utasikia mchemko wa majimaji. Maji yakiisha mlio unabadilika kuwa wa kukaanga, mkavu na wa juu zaidi. Kuanzia hapo ni dakika tatu nne za kuacha vipate rangi, ukigeuza kwa taratibu ili visivunjike. Wengi hupakua kabla ya hatua hii ya mwisho, ndipo wanapoishia na koliflawa ya njano iliyolowa. Kikaango kiwe kipana. Sufuria nyembamba yenye kina inahifadhi mvuke.

*Ikisubiri.* Inasubiri vizuri, na kesho yake viungo vimezama zaidi. Ukijua utaipasha, itoe ikiwa bado na ugumu kidogo.

*Inamfaa nani.* Asiye na oveni, na anayependa mboga yenye nguvu mbele ya vyakula visivyo na viungo vingi: wali mweupe, mkate bapa, maharagwe, mayai. Ikikaa karibu na chakula kikuu chenye viungo vikali inagombana nacho. Hapo punguza viungo vyake vibaki viwili.

Kuna wanaosaga vishada vibichi mpaka viwe kama punje za mchele na kuvikaanga. Ni tawi la njia hii hii: kikaango kipana, dakika nne tano, bila mfuniko na bila tone la maji. Inafaa kwa anayepunguza wanga. Anayetarajia ladha ya wali ajue mapema kwamba atakula koliflawa.

3. Kuponda

*Ladha.* Pole na ya maziwa. Koliflawa iliyopondwa bila msaada ni dufu, lakini inapokea siagi kwa namna ambayo mboga chache zinaiweza. Tia siagi gramu 40 kwa kichwa kimoja, chumvi, kungumanga kidogo, na vitunguu saumu vilivyochemka humo humo na koliflawa. Kama una dakika tatu za ziada, yeyusha siagi hiyo kwenye kikaango mpaka chembe zake zigeuke kahawia na harufu ya njugu itoke, ndipo uitie. Tofauti yake ni kubwa.

*Kazi.* Dakika 20, nyingi zake bila kusimamiwa. Chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 10 hadi 12, au pika kwa mvuke ili isinywe maji. Ncha ya kisu iingie bila kusukumwa. Kisha inakuja hatua ambayo haipaswi kurukwa: chuja, rudisha sufuria tupu kwenye moto mdogo, na uache vishada vitoe mvuke dakika mbili tatu ukivigeuza. Ukiruka hapo unapata uji. Baada ya hapo blenda haina madhara. Viazi vikisagwa sana hutoa wanga wao na kuwa kama gundi. Koliflawa ina wanga kidogo mno, kwa hiyo kadiri unavyosaga ndivyo inavyozidi kuwa nyororo. Ukitaka iwe nzito zaidi, chemsha na kiazi kimoja, lakini hapo ponda kwa mkono.

*Ikisubiri.* Inakaa vizuri ikiwa imefunikwa, juu ya sufuria ya maji ya moto. Baada ya muda maji hujitenga kidogo kando. Ikoroge tu.

*Inamfaa nani.* Watoto wadogo, wenye shida ya meno, na mlo wenye nyama ya kuchoma au samaki mkavu. Ukiwa na mchuzi mwepesi mwingi, mchanganyiko mzima unakuwa wa majimaji na hakuna cha kutafuna.

4. Kuoka na sosi ya jibini

*Ladha.* Nzito na yenye chumvi, juu ikiwa na utando wa kahawia. Jibini ndilo linaloongoza, koliflawa inafuata. Nusu kijiko cha chai cha haradali kwenye sosi haionjeki kama haradali, ila inaamsha jibini. Chagua jibini lenye ladha kali ili utumie kidogo. Jibini pole hukulazimisha uongeze, na sosi inageuka mafuta.

*Kazi.* Ndiyo ndefu kuliko zote, karibu saa moja, na vyombo vya kuosha ni vingi. Kaanga unga gramu 30 katika siagi gramu 30, ongeza maziwa mililita 400 kidogo kidogo ukikoroga mpaka iwe nzito. Ipua, ndipo utie jibini gramu 100 hivi, kwa kuwa likichemka hujitenga na kuwa chengachenga. Vishada vichemshwe dakika nne tano tu, vichujwe, vilazwe kichwa chini kwenye kitambaa mpaka vikauke. Sosi iwe nzito kuliko unavyodhani inafaa, maana koliflawa itaendelea kutoa maji ndani ya oveni. Nyuzi 200, dakika 20 hadi 25.

*Ikisubiri.* Kati ya zinazoliwa za moto, hakuna inayoishinda. Unaweza kuipanga leo, ukaiweka friji, ukaioka kesho kwa dakika kumi zaidi. Ikitoka ovenini inataka kukaa dakika kumi kabla ya kupakuliwa, na joto lake linadumu.

*Inamfaa nani.* Karamu, watu wengi, na mlo ambao chakula chake kikuu ni chepesi. Haimfai asiyevumilia maziwa au ngano, ingawa unga wa mahindi laini uliokorogwa kwenye maziwa baridi unaweza kushika nafasi ya ngano. Pembeni ya nyama ya mafuta inakinaisha haraka.

5. Mbichi au kwenye siki

*Ladha.* Mbichi, koliflawa ina utamu mdogo na ukali wa mbali wa familia ya haradali. Ikatwe nyembamba sana, karibu iwe ya kupitisha mwanga. Vishada vizima vibichi ni kazi kwa taya. Inyunyize chumvi, iache dakika 15 ilegee, mwaga maji yaliyotoka, kisha limau, mafuta kidogo, dania na pilipili mbichi. Ya siki ina nguvu zaidi: siki na maji kwa kiasi sawa, na kwa kila nusu lita ya mchanganyiko huo kijiko kimoja cha chakula cha chumvi na kimoja cha sukari, pamoja na mbegu za haradali na manjano. Chemsha, umwagie vishada vidogo kwenye chupa safi, iache ipoe.

*Kazi.* Dakika 15 za mikono, na moto ni kidogo au haupo. Ya siki ipe usiku mmoja.

*Ikisubiri.* Mbichi iliwe siku hiyo hiyo. Ya siki inakaa friji wiki mbili hivi. Hii si namna ya kuhifadhi nje ya friji kwa miezi, usiiweke kabatini.

*Inamfaa nani.* Mlo wa mafuta, nyama iliyopikwa muda mrefu, vyakula vya kukaanga. Tumbo lenye kujaa gesi kwa kabichi linaweza kulalamika kwa koliflawa mbichi pia, kwa kuwa zina sukari ya aina moja ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Anza na kiasi kidogo.

Kwa hali yako

Kama chakula kikuu kina mchuzi mzito na una oveni, oka kwa moto mkali. Huna oveni, kaanga, na usikose ile hatua ya mwisho ya kukausha.

Kama wageni ni wengi na hujui watafika saa ngapi, sosi ya jibini iliyopangwa jana au chupa ya siki vitakutunzia heshima kuliko trei ya kuokwa. Ukiwa na nguvu ya moja tu, angalia mlo: ukiwa wa mafuta, siki, ukiwa mwepesi, jibini.

Mezani kuna mtoto anayekataa mboga? Njia mbili zinafanya kazi, nazo zinapingana. Kuna wanaokubali iliyopondwa kwa sababu haina umbo la mboga, na kuna wanaochukia chochote laini ila wakatafuna iliyookwa mpaka ikawa kavu kingoni. Mjaribu kwa zote mbili kabla ya kukata tamaa.

Koliflawa uliyonayo ni ya friza? Kugandishwa kumepasua kuta za chembe zake, kwa hiyo inaachia maji mengi. Iponde, au itumie kwenye jibini baada ya kuikausha vizuri. Ukisisitiza kuioka, itie ovenini ikiwa bado imeganda, kwa moto mkali, ikiwa imetawanywa sana, na ukubali rangi itakuwa ndogo. Kwa saladi mbichi haifai kabisa.

Ukipata ya zambarau, fahamu kwamba rangi yake huyeyukia majini: ukichemsha inafifia, kwenye siki inang'aa na kuelekea wekundu. Mimi singeiweka popote pengine ila kwenye siki au saladi. Ya rangi ya chungwa haina tabu hiyo, ipike upendavyo.

Na kama umebakiwa na nusu kichwa tu, usiwashe oveni kwa ajili yake. Kikate chembamba, kitie chumvi na limau, na shina lake uliweke kando kwa mboga ya kukaanga ya kesho.